Msimamizi Aliyetaka Kusikia Nyumba Zetu

Nilikuwa nimelala kifudifudi, shavu kwenye simiti, na simu ilikuwa inatetemeka karibu na jicho langu. Niliiona vizuri. Mwanga ulikuwa unawaka, unazima, unawaka tena. Mkono wangu ulikuwa hapo hapo karibu na simu lakini haukunisikia. Mezani, Nekesa alikuwa amelaza kichwa juu ya kompyuta kama mtu aliyechoka na maneno ya wakulima, hedifoni bado masikioni. Jiko lilikuwa kati yetu, makaa yamebaki mekundu upande mmoja. Ndani ya ile nyumba hakukuwa na sauti nyingine isipokuwa ile simu, kwa sababu tulikuwa tumemaliza wiki mbili tukihakikisha hakuna sauti.

Nilipotoka hospitali nilisoma kile simu ilikuwa inaniambia. Yalikuwa maneno ya meneja wetu, Denis. Mama Wafula, Nekesa, mbona hamshiki simu. Wakulima wanangoja. Hii ni alama nyekundu kwa kila mmoja. Ujumbe wa mwisho ulisema tukutane naye kwa mtandao saa nane tujieleze. Nekesa hakuifikia hiyo saa nane. Lakini kwenye mtambo wa kampuni jina lake lilikuwa na taa ya kijani mpaka jioni, maana yake yuko kazini.

Aliyefanya nikatolewa pale nikiwa hai ni Msimamizi wetu, na ni yeye nataka kumwandika hapa. Jina lake sitaliweka, ni mama mzee. Hao wengine nitawataja. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo mahali nimekosea kuandika nivumiliwe. Kile nilichoona, sikukosea kukiona.

Kampuni ni ya maziwa, hapa Eldoret. Mkulima wa Kapseret ng'ombe wake akivimba tumbo, ama akishindwa kuzaa, ama lori la maziwa likikosa kufika, anapiga namba moja, na wanawake sita ndio tulikuwa tunashika. Tunaandika shida, tunamtuma daktari wa ng'ombe, tunamtafuta dereva. Mimi nilianza kiwandani nikiosha mikebe. Siku moja Msimamizi alinikuta nikigombana na dereva kwa Kinandi, kisha nikageuka nikamtania mlinzi kwa Kibukusu, na yeye akasimama mlangoni na kikombe chake cha chai mpaka nikamaliza. Akaniuliza nilisoma mpaka wapi. Nikamwambia ukweli, macho chini.

"Sijakuuliza cheti," akasema. "Unaweza kumtuliza mtu ambaye ng'ombe wake anakufa?"

Nikasema naweza. Wiki iliyofuata nilikuwa na kiti.

Ule ugonjwa ulipokuja na watu wakaambiwa wakae manyumbani, kila mmoja wetu alipewa kompyuta na hedifoni akaenda nazo kwake. Mimi nilienda nazo Langas, chumba kimoja cha mabati kwenye ploti ya watu wengi. Ugonjwa ukaisha. Chumba chetu pale kiwandani kilikuwa kimepewa watu wa mauzo, na hakuna mtu alituita turudi. Hapo ndipo nilimjua Msimamizi vizuri, wakati nilikuwa simwoni tena.

Kila asubuhi saa moja kasorobo alikuwa anatupigia, mmoja baada ya mwingine. Unashika, unamsalimia, yeye ananyamaza. Unasikia pumzi yake tu. Kisha anasema, "Ngoja kwanza nisikie nyumba." Mara ya kwanza nilimwambia Nekesa huyu mama ni mchawi. Lakini alikuwa anasikiliza kweli. Aliwajua kuku wa jirani yangu. Alijua mashine ya kusaga inaanza saa ngapi na ikinyamaza alijua stima imepotea, na mimi natumia betri, nisipewe kazi ndefu. Alisikia Wafula wangu akikohoa Jumatatu na Jumanne, na Jumatano akauliza kama nimempeleka hospitali ama nangoja kikohozi kijipeleke chenyewe.

Kulikuwa na mwenzetu Rael, wa Kesses. Asubuhi moja Rael alishika simu akaongea chini chini, na sauti yake ilikuwa inagonga ukuta. Msimamizi akamuuliza kama yuko bafuni. Rael akasema ndiyo. Hakumuuliza lingine. Alimwambia apumzike siku hiyo, sisi tutamshikia simu zake, kisha yeye mwenyewe akapanda gari akaenda Kesses. Waliongea nini na mume wa Rael hatukuambiwa mpaka leo. Kesho yake Rael alishika simu akiwa mezani kwake na redio ikicheza juu, na Msimamizi akamwambia apunguze kidogo, hasikii ng'ombe.

Alisema mtu akifanya kazi peke yake nyumbani, anaanza kudhani wenzake ni maandishi. Wewe unaona "Nekesa: sawa" na unadhani Nekesa ni sawa. Kwa hivyo alichukia kile kidole gumba cha juu ambacho watu wanatuma kwa simu. Ukimtumia kidole, anapiga hapo hapo.

"Mama Wafula, nimeona kidole. Kinasema umeelewa, umekubali, ama uko na haraka?"

"Nimeelewa, Mama."

"Basi niambie ulichoelewa."

Na mara nyingi nilikuwa sijaelewa. Nilikuwa na haraka.

Sheria yake kubwa ilikuwa kurudisha, na hiyo ililetwa na kosa langu. Mkulima alipiga, ng'ombe ameshindwa kuzaa, mguu mmoja wa ndama umetokea. Nikamwandikia Nekesa amtume daktari kwa Mzee Koech, haraka. Nekesa akaandika sawa. Sasa, Koech ni wangapi hapa Uasin Gishu? Daktari alienda kwa Koech wa Kapseret, akamkuta anakunywa chai na ng'ombe wake wote wazima, wakacheka. Koech wa Kesses alikaa na tochi na kamba mpaka ng'ombe akafa na ndama akafia ndani.

Msimamizi hakutupigia kelele. Alinipigia na kuniambia nimpigie yule mzee mimi mwenyewe, nimwambie ni mimi. Nikamwomba aniache, nikasema kampuni itume mtu. Akasema, "Ni wewe uliongea naye. Anajua sauti yako. Akisikia nyingine atajua umejificha." Nikapiga. Mzee hakunitukana. Aliniuliza tu kama na mimi nafuga. Nikasema sifugi. Akasema sawa na akakata. Heri angetukana.

Tangu siku hiyo hakuna ujumbe ulihesabiwa kuwa umefika mpaka aliyeupokea aurudishe kwa mdomo wake. Jina la mkulima, kitu kilicho karibu naye, josho ama kanisa ama shule, na shida ya ng'ombe. Watu wa mauzo walitucheka. Tukipita kiwandani, mmoja wao akikuomba chumvi kwa kantini alitaka umrudishie: umesema chumvi, karibu na sukari, shida ni chakula hakina ladha. Tulicheka pia. Lakini hatukuua ng'ombe mwingine namna hiyo.

Jambo lingine ni la kushikiwa. Ukitaka kutoka, iwe ni choo, iwe ni mtoto, iwe ni kulia, unaandika kwenye grupu yetu, "Nishikieni," na mmoja anajibu kwa jina lake, "Mimi Rael nimekushikia." Hakuna kuuliza kwa nini. Ukirudi, unasema umerudi. Msimamizi alisema ofisini mtu anaona kiti kimebaki wazi, lakini nyumbani hakuna anayekiona. Na alitaka kutoka kwa kila mmoja wetu namba ya jirani. "Nipe mtu anayeweza kukugongea mlango." Mimi nilimpa ya Mama Ploti, mwenye nyumba zetu, mama wa kelele nyingi lakini miguu yake ni ya haraka.

Sitaki msomaji afikirie alikuwa malaika. Alikuwa mgumu. Alisahau jina la mtoto wako na akakumbuka jina la ng'ombe wa mkulima. Na kitu kimoja kilituudhi wote sita: yeye aliyetaka kusikia nyumba zetu, nyumba yake hatukuisikia hata siku moja. Alikuwa akitupigia kutoka nje, kule kwao Kaptagat. Tulisikia upepo kwenye miti na wale wanariadha wakipita barabarani asubuhi, viatu vyao vingi pamoja. Ukimuuliza watu wa kwake, anasema, "Mimi ni mzima," na anarudi kwa lori la maziwa. Nekesa alisema labda hana nyumba, analala kwenye mti na hedifoni.

Nekesa ndiye alikuwa mtundu wetu. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, mama wa watoto wawili, na alikuwa anaweza kuiga mtu yeyote. Siku moja tukiwa kwenye mkutano alidhani amezima kipaza sauti chake. Akaanza kumwiga Msimamizi. Alinyamaza kwanza, akapumua kama ng'ombe aliyekimbia, kisha akasema, "Ngoja nisikie nyumba. Hiyo sufuria haijaoshwa." Sisi wengine tuliganda. Msimamizi alimwacha akamaliza yote.

"Umeniweza, Nekesa," akasema. "Lakini mimi sipumui hivyo."

Kisha akaendelea na orodha ya madaktari wa siku hiyo. Nekesa alizima kompyuta akaja kwangu kwa miguu kunieleza, na tulicheka mpaka Mama Ploti akaja kuuliza ni nini.

Kuna tabia nyingine ya Msimamizi nilikuwa sijaipa uzito. Mkubwa akimpigia, alikuwa anasimama. Hata akiwa kwake, mkubwa akiwa Nairobi, hakuna anayemwona. Wakati mwingine tukiwa naye kwenye simu, mkubwa anaingia, na sisi tunasikia kigoda kikisukumwa nyuma na sauti yake inabadilika, inakuwa nyembamba. "Ndiyo, sir. Sawa, sir." Wakulima wakali hakuwaogopa, na waume wa watu hakuwaogopa. Lakini mtu wa kampuni akiongea, alisimama. Aliwahi kuniambia aliingia ile kampuni akifagia, na aliyempandisha alimwambia usimame ukiongea na wakubwa, na yeye hakuambiwa tena aketi.

Denis alikuja mwaka wa tatu wa sisi kufanyia kazi nyumbani. Alikuja na mtambo mpya. Simu zote zikawa zinarekodiwa, na Denis alikuwa anazisikiliza. Kwenye mkutano wa kwanza alituchezea simu ya Rael, mkulima anaongea na nyuma kuna jogoo. Akauliza kama hii ni kampuni ama ni boma. Akasema tuwe watu wa kisasa. Kuanzia siku hiyo sauti yoyote ya nyumbani ikisikika kwenye simu, jogoo, mtoto, mvua kwenye mabati, ni alama nyekundu. Nyekundu tatu kwa mwezi, unarudisha hedifoni.

Tulimngoja Msimamizi aseme kitu. Tulisikia kigoda. Akasema, "Sawa, sir."

Ni yeye alitusomea ile barua ya alama nyekundu, kwa lugha tatu ili kila mtu aelewe, na akatuomba tuirudishe. Tukairudisha, mmoja mmoja, kama watoto wa shule. Mimi nilirudisha yangu kwa Kibukusu, na niliongeza tusi moja kwa Denis katikati. Hakuliongelea.

Kisha Denis akasema simu za asubuhi zinakula saa ya kampuni. Kila mtu atabonyeza kitufe cha kijani saa moja, mtambo utajua yuko. Akasema namba za majirani zifutwe, ni mambo ya watu binafsi. Madam Faith wa ofisi ya wafanyakazi akaandika barua ya kuunga mkono, ikisema mawasiliano yote ya kikazi yapitie kwenye mtambo. Mwezi wa tano Msimamizi alinipigia kwa simu yake mwenyewe, kwa sababu alisikia Wafula amelazwa. Denis aliona nimekaa dakika sita bila kushika mkulima. Msimamizi aliandikiwa onyo, mtu aliyefanya kazi pale miaka ishirini na zaidi. Baada ya hapo hakunipigia tena.

Nyumba ya Nekesa ilikuwa imepakana na mafundi wa kuchomelea vyuma. Kufika tarehe kumi ya mwezi wa saba alikuwa tayari na nyekundu mbili. Alikuja kwangu na kompyuta kwenye mfuko wa unga, akasema, "Nifiche." Nikamficha. Tulitundika blanketi ukutani na nyingine chini ya mabati, kwa sababu ya mvua. Dirisha tuliliziba kwa sponji ya godoro la zamani na gundi ya karatasi. Chini ya mlango tuliweka sweta zilizochakaa. Nekesa alisimama nje na mimi nikapiga makofi ndani, akasema hasikii kitu, ni kama benki. Tulifurahi. Wiki ya kwanza hakuna aliyepata nyekundu. Denis akaandika kwenye mtambo kwamba timu yetu imeboresha, na Msimamizi akapewa cheti cha pongezi.

Wenye kuishi Eldoret wanajua baridi ya Julai. Asubuhi ile vidole vyangu havikuweza kubonyeza. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Kabla hatujaziba, jiko nilikuwa naliacha nje ya mlango na mlango wazi, joto linaingia na hewa inaingia. Lakini mlango wazi ni mvua, mashine ya kusaga na kuku wa Mama Ploti. Watoto walipoenda shule nililiingiza jiko ndani, nikafunga mlango, nikarudisha sweta chini. Ni mimi. Hilo siliweki juu ya Denis wala ya mtu mwingine, mikono ilikuwa yangu. Nekesa alisema, "Aki Mungu akubariki, Mama Wafula," akasogeza miguu karibu na moto. Tukabonyeza kijani.

Nakumbuka kichwa kikiniuma, nikadhani ni njaa. Nakumbuka Nekesa akiongea na mkulima, akimrudishia jina na josho, na sauti yake ikivutika kama redio ambayo betri inaisha. Nilitaka kuandika nishikieni. Lakini ile grupu ilikuwa imefungwa na barua ya Madam Faith.

Mama Ploti alivunja mlango na mchi wa kutwangia saa tano na dakika kadhaa. Alipigiwa na Msimamizi. Zile namba za majirani hakuwa amezifuta. Mama Ploti aliniambia Msimamizi hakumsalimia hata, alisema tu, "Vunja mlango wa Mama Wafula sasa hivi, usigonge." Mimi nilivutwa nje kwenye matope nikatapika. Nekesa alivutwa nje na hakutapika. Kule hospitali daktari alimwambia mama yake Nekesa kwamba mwili ulifika bado una joto. Nilimsikia. Nilikuwa kitanda cha pili, nimewekewa hewa puani. Daktari alidhani nimelala.

Siku ya nne, nikiwa bado wodini, kampuni ilituma mwendesha bodaboda achukue vifaa vyake. Aliuliza hedifoni mbili ziko wapi.

Barua ya Madam Faith ilifika baada ya mazishi. Ilisema kampuni inasikitika, na kwamba tukio lilitokea katika makazi ya kibinafsi kutokana na matumizi mabaya ya jiko, na halina uhusiano na kazi. Niliisoma mara nyingi, nikimtafuta Nekesa ndani yake. Hakutajwa. Watoto wake walichukuliwa na kukhu, nyanya yao, huko Bungoma. Kama alikufa kazini, wale watoto wana haki zao za kudai. Kama alikufa tu nyumbani, ni mwanamke aliyecheza na jiko, na wakiwa wakubwa hivyo ndivyo wataambiwa. Nilikwenda ofisi ya kazi, ile ya serikali, mara tatu. Waliniambia nilete mtu wa kampuni anayeweza kusema tulikuwa kazini saa hiyo, na kwamba kampuni ilijua.

Nilimpigia Msimamizi mwaka mzima. Hakushika. Nilisikia amestaafu. Mwezi wa nne mwaka huu nilipanda bodaboda mpaka Kaptagat, nikauliza njia kwa wanariadha, wakanionyesha.

Nilimkuta zizini akikamua. Amekonda. Aliniona, akamaliza kukamua yule ng'ombe, hakuharakisha, kisha akafunika ndoo na kitambaa. Nilikuwa nimepanga maneno makali njia yote. Nilimwita Mama na yakapotea.

Akaniuliza kifua. Nikasema kinauma kukiwa na baridi, na nasahau vitu, nasahau sana. Akaniuliza watoto wa Nekesa. Nikamwambia. Nikamwambia na ofisi ya kazi wanataka nini. Akakaa kwenye kigoda cha kukamulia.

"Saa tatu kasorobo mkulima alinipigia kwa namba yangu," akasema. "Alisema yule msichana alikuwa anamrudishia jina lake, akafika katikati, akanyamaza. Alidhani ni mtandao. Mimi nilijua si mtandao."

Nilimwuliza alijuaje.

"Wiki mbili nilikuwa nachungulia rekodi zenu. Nyumba zenu zilikuwa zimenyamaza. Yako ndiyo ilinyamaza kabisa, hata mvua haikuwa ndani, na kimya cha Nekesa kilikuwa kile kile cha kwako, nikajua yuko huko. Nilijua mmeziba. Mwezi wa saba, Mama Wafula, mtu ameziba nyumba, anaota moto wa nini? Nilijua. Na nilikuwa napewa cheti."

Nikasema, "Mbona hukupiga, Mama? Kutoka saa tatu kasorobo mpaka saa tano?"

"Niliandika."

Sikuelewa. Nikamwambia arudie.

"Nilimwandikia Denis kwenye mtambo. Nilikuwa na onyo moja. Nikamwomba ruhusa ya kuwapigia wewe na Nekesa, ama kumpigia jirani. Nikaandika kwamba nahofia wako na jiko ndani." Alifuta mikono kwenye leso yake ingawa ilikuwa mikavu. "Alisoma. Akajibu tungoje ripoti ya mtambo ya saa tano, tusipanike. Nikangoja. Nilikuwa nimesimama pale kwenye tangi la maji, na simu mkononi. Saa tano ripoti ikaja ikasema mko kijani nyote wawili. Nikaona huo mtambo hausikii kitu, ndiyo nikampigia Mama Ploti."

Alinionyesha. Alikuwa amepiga picha ya yale maneno kabla hawajamfungia mtambo. Saa zimeandikwa. Yeye ameandika saa tatu kasoro dakika tano. Denis amejibu saa tatu na dakika mbili. Nikatoa simu yangu, nikafungua zile nyekundu za Denis. Ya kwanza ni saa tatu na dakika kumi na moja. Tulitazama zile simu mbili pamoja. Denis alikuwa ameambiwa tuko na jiko, na dakika tisa baada ya kujibu alitupa alama kwa kutoshika simu.

Nilimwambia kitu kibaya hapo, sitakiandika. Alikipokea. Hakusema alikuwa mdogo kwa Denis, hakusema angefukuzwa. Alisema, "Ni kweli."

Nikamwuliza kama anaweza kusema hayo ofisini, mbele ya watu.

"Naweza," akasema. "Nitakuja hata kesho. Polisi hawakuniuliza. Kampuni haikuniuliza. Mama yake Nekesa nilimwona kwenye mazishi, na yeye hakuniuliza. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Tulishuka pamoja Jumatatu iliyofuata. Alisema yote, akaulizwa, akayasema tena, na jina lake likaandikwa chini ya maneno yake. Alitia sahihi. Karani alisema kampuni itaitwa. Imeitwa mara mbili. Mara ya kwanza walimtuma wakili kuomba muda. Mara ya pili hakuna aliyekuja. Denis nasikia amepandishwa, anaongoza mitambo ya matawi yote. Madam Faith bado ana ofisi yake ile ile.

Mimi nimekwisha kusema langu: niliingiza jiko na nikafunga mlango. Msimamizi amesema lake: alijua, akaomba ruhusa, akangoja. Wamebaki wawili. Denis, uliandikiwa saa tatu kasoro dakika tano kwamba wanawake wawili wamejifungia na moto. Ulisoma. Ulijibu. Saa mbili ulizongoja, ulikuwa unangoja nini? Na wewe Madam Faith, ulipoandika kwamba hiyo haikuwa kazi, ule ujumbe ulikuwa umeuona, ama hukuuliza? Msinitumie wakili. Njooni ofisi ya kazi, mama yake Nekesa akiwa ameketi pale, mjibu kwa midomo yenu.